Sebule Isiyo na Viti

Kila mwaka wageni kutoka Ulaya wanaofikia misheni ya Peramiho huletwa shuleni kwetu Songea, na kila mwaka mkuu wa shule hunisukumia mimi kazi ya kuwaeleza Tanzania ni nchi gani, kwa kuwa nafundisha jiografia na nina mdomo. Maneno yenyewe nayajua kama njia ya sokoni. Nchi kubwa, watu zaidi ya milioni sitini, makabila zaidi ya mia na ishirini, na lugha moja ya kupatana bei. Mlima, maziwa, mbuga. Wajerumani walitutawala, kisha Waingereza, kisha tukajitawala, tukaungana na Zanzibar. Kipande cha Wajerumani huwa nakipitia mbio, maana mgeni ni mgeni na chai bado haijanywewa.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kuja. Natokea Mwanza, nilipangiwa kazi Songea, nikaolewa mtaa wa Majengo. Siku niliyoingia ukweni nilikuta sebule haina kiti hata kimoja. Mikeka tu, ukuta hadi ukuta. Jirani akaingia, na badala ya hodi akasema, "Poleni." Mama mkwe akajibu, "Bado." Kisha wakaongea habari za mbolea. Nikajua kuna mtu kafa na mimi bibi harusi nimefichwa.

"Nani amefariki, mama?" nikauliza tulipobaki wawili.

"Babu yake baba mkwe wako."

"Lini?"

"Vita ya Majimaji."

Wanasema Wajerumani walimnyonga hapa hapa mjini, wakamkata kichwa, kichwa wakaenda nacho kwao. Familia ikazika mtu asiyetimia, ikaona haiwezi kuanua matanga mpaka atimie. Hakutimia. Tangu hapo, anayekufa katika nyumba ile hawekewi msiba wake, kwa sababu msiba hauanzishwi juu ya msiba. Anaingizwa kwenye ule ule. Mama yake baba mkwe aliingia humo, na baba mkwe naye. Watu wanakaa mkekani wanamlilia babu, na marehemu wa siku hiyo anatajwa kama mtu aliyekuja kuhani.

Mwaka wa pili nilinunua makochi, maana sikuolewa ili nikae chini. Mama mkwe hakunigombeza. Aliyatazama, akaketi mkekani mbele ya makochi, na kila aliyeingia akaketi naye hivyo hivyo, mpaka nikayahamishia chumbani kwa aibu.

Kumbe yeye ndiye aliyechoshwa na msiba ule kuliko mimi. Siku moja tukichambua maharage aliniambia, "Mimi nataka wangu, mwalimu. Nililiwe mimi! Nimezaa, nimelima mpaka mgongo umepinda, halafu nife waje wamlilie mtu ambaye hata sijawahi kumwona?"

Ndiyo maana mwaka ule alivaa kitenge kipya, akaja shuleni kukaa mstari wa mbele nikizungumza na wageni. Makofi hayajaisha akasimama, akamwelekea mama mmoja wa Kijerumani.

"Mwambie," akaniamuru, "wakirudi kwao wamtafute babu yetu. Wakimwona wamwambie mimi nimezeeka, aje upesi."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mgeni akauliza babu alikuwa anafananaje.

"Simjui," mama mkwe akasema. "Nimeolewa, nimemkuta."

Hakuna aliyegusa chai. Wageni waliahidi kuulizia. Baadaye walikuja wataalamu, wakachukua mate ya mume wangu kwa pamba ili walinganishe na mafuvu yaliyoko huko. Jibu lilipokuja, hakuna fuvu hata moja lililokuwa la kwetu. Mama mkwe alijifungia chumbani mchana kweupe. Nilimsikia akijililia mwenyewe, akijitaja kwa jina, akijisifia mashamba yake na watoto wake, kama anavyoliliwa maiti. Nilisimama nje ya mlango nikashindwa kubisha.

Alifariki mwaka jana wakati wa mvua. Nilimwomba mume wangu, nikawaomba na wazee wa ukoo, wampe mama msiba wake, hata wa siku moja. Walinisikiliza kwa heshima zote. Kisha mkubwa wao akasema, "Sawa, mwalimu. Na yule tutamwambia nini?"

Hakuwa anatania. Wote waliangalia mlangoni.

Watu wakajaa mkekani wakamlilia babu. Nilijaribu kumlilia mama kwa jina lake, shangazi wa mume wangu akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mtaje babu kwanza." Nilichukia. Lakini nilimtaja, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mtu anayeigiza.

Watu walipotawanyika, binti yangu aliniuliza tukiosha masufuria, "Mama, na wewe utaingia humo?"

Nilimwambia asugue vizuri. Jioni nikamweleza mume wangu kwamba nataka kuomba uhamisho, nirudi Mwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Yeye alizaliwa kwenye mikeka ile, na sijawahi kumsikia akiilalamikia hata siku moja. Aligeuka kuangalia sebuleni, kisha akanisogelea karibu ili asisikike.

"Usiniache nifie humu," akasema.