Kikao cha Gari Lililokwama

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta hapa Ifakara, na mpaka leo nikilitamka neno hilo, mkuu, najikuta nimenyoosha mgongo. Chumba chenyewe kilikuwa Mlabani, katika nyumba ya kupanga yenye mapazia mazito ya kuzuia vumbi. Mradi wetu ulikusanya takwimu za mpunga bonde zima: nani kalima wapi, kapanda mbegu gani, mafuriko yamechukua kiasi gani. Kompyuta nyingine tuliiweka Mchombe, kwenye njia ya Mlimba. Takwimu za vijiji vya upande ule ziliingizwa huko, zikahifadhiwa kwenye disketi, kisha gari la kazi likazileta kwetu mjini.

Watu wangu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa fundi, baba mtu mzima wa upande wa Mahenge, mwimba besi wa kwaya ya parokia, aliyefungua kompyuta kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Wa pili alikuwa binti wa Kisawasawa aliyemaliza sekondari si muda mrefu, mwepesi wa vidole mpaka nikawa namwonea wivu. Wa tatu alikuwa kijana wa Kisukuma, ambaye wazazi wake waliingia bondeni na ng'ombe. Yeye ndiye aliyekaa Mchombe na kuja mjini na disketi zake. Nilijua wana akili, wote. Kilichoniudhi ni kwamba hawakuzitoa.

Kila Jumatatu tulikuwa na kikao, kijana akiwa bado hajarudi Mchombe. Nikiuliza nani ana wazo, fundi anatazama dari, binti anatazama kucha, na kijana ananitazama mimi kwa heshima zote kana kwamba nasoma misa. Kisha mmoja wao anasema hatuna la kuongeza, mama. Siku moja niliamua meza ya printa ihamie dirishani, ikahamia dirishani. Mvua ikanyesha, meza ikalowa, tukairudisha. Dirisha lile lilikuwa linavuja tangu mwaka uliopita na wote walijua. Nilipouliza kwa nini hawakusema, fundi alijibu kwa upole kwamba mimi nilikuwa nimeshasema.

Siwezi kuwacheka sana, kwani nami nililelewa hivyo hivyo. Unatoa shikamoo, unapisha, unasubiri. Mkubwa akishaongea, mazungumzo yamekwisha. Ni malezi mazuri nyumbani, lakini katika chumba cha kompyuta yalikuwa yananimaliza.

Kisha masika yakaingia na disketi za Mchombe zikaanza kuoza. Unyevu wa bondeni anaujua mwenye nguo zilizokataa kukauka. Disketi zilifika zimeota ukungu ndani, kompyuta inazikwaruza weee, mwisho haisomi kitu. Bosi wetu wa Morogoro alikuja, akaona, akanywa soda yake mpaka mwisho, ndipo akasema bila ukali wowote kwamba kama masika yataisha na hali ni hiyo, kompyuta zote zitahamishiwa Morogoro, ambako kuna watu wengine wa kuzitumia. Maana yake sisi wanne tungekosa kazi. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba mpunga ungelimwa hapa, maswali yangeulizwa hapa, na majibu yangepelekwa kwingine kueleweka. Niliumia, sitaki kuficha.

Jumatatu nikawaeleza yote. Nikasubiri mawazo. Dari, kucha, misa. Hatuna la kuongeza, mama. Nilikasirika mpaka nikafunga kikao, nikamwambia dereva atupakie wote twende Mchombe tukaione hiyo ofisi kwa macho.

Hatukufika mapema. Njia ya Mlimba wakati wa masika haina adabu, na mbele kidogo gari likazama kwenye tope jeusi mpaka kwenye ekseli. Tukashuka. Basi hapo nikashuhudia jambo. Binti yangu wa kucha akamwamuru dereva, mzee aliyempa shikamoo asubuhi ile ile, akate usukani upande wa pili. Fundi akataka magogo. Kijana akasema magogo yatateleza, wekeni matete. Wakaweka matete, tairi likayatema yote, likaturushia tope. Hakuna aliyemcheka kijana. Wakayatoa, wakaweka magogo chini na matete juu, binti akapinga yalivyopangwa, fundi akampinga binti, dereva akawapinga wote wawili. Hakuna aliyeuliza nani mkubwa, wala dereva hakuona amevunjiwa heshima. Mimi nimesimama pembeni na viatu mkononi, nimefurahi kuliko inavyompasa mtu aliyekwama.

Gari lilipotoka, walikuwa wanahema na kucheka, wanataka kupanda. Nikasimama mlangoni kuwazuia.

"Msipande," nikasema. "Gari bado limekwama. Disketi zinaoza. Haya, semeni."

Binti ndiye aliyeanza, akasema kwao chumvi huwekwa na punje za mchele isishike maji. Fundi akasema mchele una vumbi na vumbi litaua kompyuta, afadhali mkaa. Kijana akauliza tangu lini mkaa ukawa msafi. Binti akasema basi mchele ushonewe kwenye mifuko ya kitambaa. Fundi akafikiri, akasema ukaangwe kwanza, bila mafuta, utoke maji yake. Mpaka tunafika Mchombe tulikuwa na mpango: makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko vya kubana, mifuko ya mchele uliokaangwa, disketi katikati. Nikanunua mchele dukani pale pale, mwenye duka akaniuliza wageni wangapi.

Jaribio la kwanza halikufua dafu. Disketi zilikuja na ukungu kama kawaida, na kijana aliziweka mezani kwangu huku ameshajiandaa kufokewa. Nikawaita wote tusimame kuzunguka meza, nikasema gari limekwama. Lilikuwa neno tu, lakini niliona mabega yanashuka. Ikabainika kwamba disketi zilikuwa zinalala nje ya kopo kwanza, zinaingia koponi zikiwa zimeshanyonya unyevu. Kijana akapendekeza ziingie mara tu zikitoka kwenye mashine, zingali na joto. Safari iliyofuata zikasomeka. Ile ya baada yake pia, na binti akapiga kigelegele ambacho majirani walikisikia.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Viti vya kikao nilivitoa. Asubuhi tunasalimiana kama watu waliolelewa, shikamoo zinatolewa na marahaba zinaitikiwa, kisha nasema gari limekwama, na kuanzia hapo hadi niseme limetoka, hakuna mkubwa. Wazo likishindwa linatolewa kwenye tairi, linawekwa jingine. Niliona fahari kubwa, lakini sikujua bado kama desturi hiyo itadumu mbele ya mtu mwingine.

Masika yalipoisha bosi akarudi. Akachukua disketi za Mchombe mwenyewe, akazifungua moja moja, zote zikasomeka. Akageuka akauliza tumefanyaje. Nikatazama watu wangu. Fundi yuko darini, binti yuko kwenye kucha, kijana yuko misani. Nikaanza kueleza mwenyewe, kwamba tunakaanga mchele kila Jumatatu, tunashona, tunaweka koponi. Nikasikia sauti yangu ikiwa peke yake chumbani, kama zamani, nikakatiza.

"Gari limekwama," nikasema.

Bosi akachungulia dirishani kulitazama gari lake. Halafu binti akainua kichwa.

"Hapana, mama, hapo umekosea," akasema. "Hatukaangi Jumatatu. Tunakaanga siku ile ile ya safari. Ukikaanga mapema, unyevu unarudi."

Fundi akaongeza kwamba kifuniko nacho kina siri yake. Kijana akasema fundi anakuza mambo, kifuniko chochote kinafaa kikibana. Wakaanza kubishana mbele ya bosi, kila mmoja na kopo mkononi, na bosi akavuta kiti, akawa anageuza kichwa huku na huku kuwafuata. Baadaye niliambiwa kwamba hapo ndipo alipotamka kuwa kompyuta zitabaki Ifakara. Mimi sikumsikia. Nilikuwa bado naisikiliza ile "hapo umekosea", iliyotamkwa na mdogo kuliko wote, mbele ya mkubwa kuliko wote, na nilitamani airudie.