Mwita Bata wa Mtoni

Simu ilinikuta hapa mtaa wa Bani Malik nikikata vitunguu, kwa hiyo sijui machozi ya kwanza yalikuwa ya nani. Mlinzi wa shamba la mtoni kule Riyadh ametutoka. Kifua, walisema. Desturi ni kumsifu marehemu, lakini huyu alikuwa mbishi, mchoyo wa majani ya chai, na aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pampu mbovu.

Shamba ni la kafili wake, yaani mwajiri mwenye kumpa ruhusa ya kutoka nchini, ambaye sote tulimwita Baba; liko huko Al-Hair, kusini mwa mji. Usinionee wivu, msomaji: mto wenyewe ni maji waliyooga watu wa Riyadh nzima, yakishasafishwa. Baridi ikiingia, batamwitu hujaa. Jamaa, kwa upweke tu, akawa anawatupia wali wa kabsa ulioachwa na wageni, huku akiimba. Wakamzoea, wakawa wanamfuata hadi miguuni. Baba alipoona hayo, kila Ijumaa akaleta watu kutazama “bata wangu”. Hapo ndipo jamaa alipojiroga. Aliomba ruhusa akale Krismasi na mama yake Kakamega, akajibiwa kwa upole kabisa: nani ataita bata? Na kiangazi je? Kiangazi Baba husafiri, shamba haliachwi bila mlinzi. Miaka ikapita hivyo.

Mimi nilikuwa dereva wa nduguye Baba, nikampa akili. Agonge sufuria asubuhi ya Ijumaa, bata watawanyike, wageni wakute maji matupu. Ataruhusiwa siku hiyo hiyo. Alikubali. Nikamkuta ukingoni na lile koti zito la manyoya alilopewa na Baba, sufuria mkono huu, mwiko mkono huu. Akasimama weee. Kisha, mjinga yule, akachota wali humo humo kwenye sufuria akawamwagia.

“Wametoka mbali, ndugu yangu,” akasema. “Nitawafukuzaje mimi?”

Chema chajiuza, tuliambiwa. Hatukuambiwa kwamba kikishauzwa, mwenyewe hana tena usemi. Juzi nilikwenda Riyadh kufunga mizigo yake. Ruhusa ya kutoka ilipatikana upesi mno, maana maiti haiiti bata. Baba alilia, tena kwa kweli, sitamnyima hilo. Kisha akafuta macho, akaniuliza kama naujua ule wimbo wa kuitia bata.

Nilikasirika, nasema wazi. Nikaichukua sufuria, nikaigonga mpaka mkono ukauma, bata wote wakaruka.

“Halas, Baba, yatosha,” nikamwambia. “Na hawa wana kwao.”

Mama wa Kakamega yu hai, amempokea mwanawe ndani ya sanduku. Wewe mtumishi mwenzangu unayesoma haya mtaani Aziziya au Ruwais, ukisifiwa kwamba bila wewe nyumba haiendi, gonga sufuria yako mapema.