Tarumbeta ya fonografe ya baba

Kaka yangu mukubwa ni mutu wa ofisi, kwa hiyo anajua kila kitu. Mi natengeneza radio hapa Bwiza, na shule niliiacha katikati, mwalimu hakulia. Mama, ambaye haoni vizuri tena, alitupa kazi sisi wote wawili: turudishe fonografe ya marehemu baba vile ilikuwa, asikie ile disiki yake na baba. Kwa simu hataki. "Simu inaimba kama mbu," alisema.

Sanduku ilikuwa kwangu, na ilizunguka vizuri. Ilikosa tarumbeta tu, ile kubwa ya nje yenye kutoa sauti. Kaka akaleta moja ya shaba, inang'aa mupaka nikaona ndevu zangu ndani. Akaleta na picha kwenye karatasi.

"Hii njo orijinali. Angalia picha."

"Kaka, hii ni ya juzi. Shingo yake nene, haiingii. Na nyuma ya sanduku kuna matundu matatu, pale chuma ya kushika tarumbeta ilikaa. Chuma yako iko na mawili. Utatoboa sanduku ya baba?"

"Nitatoboa."

Nikakalia sanduku. Mi, baba wa watoto wane, nimekalia sanduku kama kuku juu ya mayai.

"We na shule yako ya nusu!" Akainama, akaona visi mbili, zile skrubu za kushika mbao, zenye kichwa cha msalaba. "Na hizi? Zamani zilikuwako? Sanduku yako njo ya uongo!"

Kwa visi alisema kweli. Mi mwenyewe nilizitia, sababu zile za zamani nilizipoteza kwa mutaro. Nikakohoa kidogo.

"Tulipogawana vitu vya baba, tarumbeta si ilienda kwako? Iko wapi?"

Kaka akakunja karatasi yake polepole. Akasema tarumbeta ilikuwa nyeusi, imechakaa, bibi yake hakuitaka kwa salon, pale wageni wanakaa. Alimupa dada yetu wa Gasenyi.

Tukaenda Gasenyi. Tarumbeta ya baba ilikuwa uani, mudomo chini, imefunika vifaranga. Kuku mama yao anazunguka inje, anatutukana.

"Apana, siitoi," dada alisema. "Mwewe atamaliza watoto wangu. We utawachunga?"

Nikamuangalia kaka. Kaka akaangalia mbingu, labda alitafuta mwewe. Mwisho akaenda kwa gari, akaleta ile ya shaba. Vifaranga viliingia bila kuuliza picha.

Nikaosha ile nyeusi. Bati zake zimekunjwa moja ndani ya nyingine, hakuna mahali pamechomelewa, kazi ya zamani. Shingo iliingia kwa kusukuma na vidole viwili tu, na matundu matatu ya chuma yake yakakutana na matatu ya sanduku. Kaka akasukuma ile karatasi ya picha ndani kabisa ya mufuko.

Tukapeleka fonografe kwa mama. Akatia mukono ndani ya tarumbeta mupaka kwa kiwiko, akapapasa kila kunjo.

"Hii njo yake. Lakini inanuka kuku."

Disiki ikaanza. Kaka akaanza kumueleza mama namna mashini inafanya kazi.

"Nyamaza, nasikiliza."

Ikaisha. "Tena," mama akasema. Nikazungusha mukono ya chuma pembeni ya sanduku, ule wa kutia nguvu. Tena. Tena. Kaka akakumbuka kazi ya ofisi, akatoroka.

"Mama, tugeuze upande wa pili?"

"Apana. Ule baba yenu alikuwa hapendi. Tena."

Mara ya tisa bega ililia. Nikamuambia: "Kaka njo anajua hizi mashini, mama. Yeye amesoma."

"Muite basi. We unazungusha kama mugonjwa."

Nikazungusha haraka, kabla hajamuita kweli.