Aliyetaka Majani ya Moto

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na tano, baba alikufa na shule ikaniishia darasa la nne. Nilikaanga mandazi Bwaise, hapa Kampala, mpaka mafuriko yakabeba jiko. Ndipo nikaomba kazi hospitalini, wodi ya ngozi.

Siku ya kwanza Sista Mkuu aliniuliza, "Unajua kufunga matoke kwa majani ya mgomba?"

"Najua, Sista."

"Basi nusu ya kazi unayo."

Alisema kweli. Kuna ugonjwa ambao mwili unaipiga ngozi yake wenyewe, inatoka malengelenge na kuchubuka. Bandeji inanata na kung'oa nyama. Jani changa la mgomba, likichemshwa na kupozwa, halinati. Hilo ndilo nililofunga maisha yangu yote. Na Sista alikuwa na sheria: daktari akipita asubuhi, aliyeosha mgonjwa anasema kwanza.

Miaka ikapita, wodini wakawa wananiita Mama Hajati. Ndipo akaja Mama Neema, fundi cherehani wa Kyebando, Mkongo. Tembe za steroidi, zile zinazotuliza mwili usijipige, zilikausha vidonda. Lakini mwenyewe alikuwa anazimika: analala mchana kutwa, sauti nzito, uso umevimba. Sote tulisema ni uso wa dawa, maana tembe zile huvimbisha. Mumewe akasema, "Hii ni pepo. Kesho namupeleka kwa maombi, na tembe zinabakia hapa." Kuziacha ghafla kungeweza kumuua.

Asubuhi ile nilikuwa namfunga. Akanung'unika, "Mama Hajati, unanifunga sawa matoke, lakini matoke mabichi! Leta majani ya moto. Niko nasikia baridi."

Jua lilikuwa linachoma mabati. Wagonjwa wangu wote hulilia majani baridi. Daktari Mkuu alipopita, nikasema hivyo hivyo: wengine wanataka ya baridi, huyu anataka ya moto. Akamshika Mama Neema shingo, akamwambia ameze mate.

"Mwili unaopiga ngozi unaweza kuipiga tezi ya shingo pia," akasema. "Wampime damu leo."

Tezi hiyo ndiyo inayochochea moto wa mwili. Nikamfuata mumewe mlangoni. "Baba Neema, moto wa mkeo umeshuka. Maombi fanya, lakini fanyia hapa hapa."

"Na kama damu haisemi kitu?"

"Utanitukana mbele ya wodi."

Akacheka, akakaa. Damu ilisema: tezi imelala. Mama Neema akaanzishiwa tembe ya tezi, kila alfajiri kabla ya chai, na zile za ngozi zikaendelea. Wiki zikapita. Siku moja akatupa blanketi na kunifokea, "Majani yako yanachoma, weye!"

Nikapiga vigelegele mpaka Sista akatoka ofisini. Tangu hapo kila mwenye malengelenge kwetu alipimwa tezi pia.

Nimestaafu. Vijana, semeni mlichokiona, hata kama ni kidogo. Leo nina nyumba ya matofali Kyebando, vyumba viwili vya kupangisha, mbuzi watatu, gauni la gomesi la zambarau alilonishonea Mama Neema kwa mkono wake, na migomba nyuma ya nyumba. Wodi bado inatuma watu kuja kukata majani.