Ujumbe wa Mzazi Mwenzenu

Niliiba simu ya mama akiwa kwenye rakaa ya pili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kijinga kuliko yote. Alikuwa anaswali alasiri sebuleni, simu iko juu ya boksi la kalamu za rangi, nami nilipiga hesabu kwamba nina dakika tatu hivi kabla hajatoa salamu. Zilinitosha. Nilifungua grupu la wazazi nikachukua kiungo chake cha kujiunga, nikaingia kwa akaunti yangu ya pili, ile ninayochezea gemu, ambayo nilikuwa nimeshaipa jina la Mzazi Mwenzenu na kuiwekea picha ya geti la shule. Nikairudisha simu palepale. Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikawaandikia wazazi wote kwa mpigo: "Mzazi, ninajua unachomficha mwanao. Mwambie kabla ya Ijumaa, la sivyo nitamwambia mimi."

Nilikuwa naandika riwaya, ndiyo sababu. Riwaya ya kutisha kuhusu wazazi wa shule moja, kila mmoja ana uovu wake, huyu ana pasi tatu za kusafiria, yule ana mke mwingine Foshan, mji wa jirani hapa China, na mmoja wao lazima afe kabla ya ukurasa wa arobaini. Shida ni kwamba wazazi niliowajua walikuwa wanachosha. Wanakutana getini, wanalalamikia ada, wanaulizana kontena la nani limefika bandarini Dar, wanaondoka. Mtu huwezi kumuua mhusika wa namna hiyo, hata msomaji hatashtuka. Nikaona niwachokoze, nione nani atatetemeka.

Sikujua kwamba siri ilikuwapo kweli. Ilikuwa moja, wazazi wote kumi na mmoja walikuwa wanaijua, na mtoto aliyekuwa anafichwa ni mimi.

Bibi yangu, mama yake mama, aliyenilea Dar mpaka nikatimiza miaka tisa, alikuwa amefariki Jumapili ya wiki iliyotangulia. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa katikati ya mitihani ya kumaliza sekondari, na kwetu mtoto aliye mtihanini hafikishiwi msiba. Si mama aliyelibuni hilo. Nilipokuwa mdogo, binti wa jirani yetu alirudi kutoka karatasi yake ya mwisho akiwa anaimba njia nzima, akakuta turubai limefungwa uani, na baba yake alikuwa ameshamaliza siku tisa kaburini. Watu wazima walisema afadhali, amefanya mtihani wake kwa utulivu. Mama naye aliamua hivyo. Mazishi asingeyawahi, lakini tangani angeweza kwenda. Hakwenda, kwa sababu angeondoka ningeuliza anakwenda wapi.

Na kunificha mimi si kazi ndogo. Hapa Guangzhou sisi watoto ndio tunaowasomea wazazi wetu simu. Laoban wa soko la Yide Lu, yaani yule bosi anayemuuzia mama midoli na madaftari, akituma ujumbe kwa Kichina, mama ananipa simu hata kama nina wali mdomoni. Kwa hiyo wazazi wetu jambo zito hawaliandiki. Wanalipeleka kwa miguu. Mama alipanda na kushuka ngazi za mtaa wetu wa Dengfeng siku nzima ile kuwaambia wenzake mmoja mmoja, kwa mdomo, na kila mmoja alimwekea ahadi kwamba halitafika kwangu wala kwa watoto wao. Ndugu wa Dar waliagizwa wasitume picha wala sauti.

Mimi nikaambiwa simu ya bibi imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Nikacheka. Nikaendelea kumrekodia vichekesho vyangu, kama nilivyozoea, nikamwambia akiitoa kwenye ndoo aikaange. Baadaye nilikuja kujua kwamba simu ilikuwa nzima. Alikuwa nayo mama mdogo, na alizisikiliza rekodi zangu zote palepale msibani, pamoja na watu.

Wiki ile watu walikuja kwetu kwa zamu. Walikaa sebuleni katikati ya maboksi, wamenyamaza, viganja wamevikunjua. Nikitokea tu, baba mmoja, wakala wa mizigo, anafuta uso kwa viganja na kuuliza, "Eti hizi peni za pambo zinauzwaje?" Na wote wanazikodolea macho peni za pambo kama hawajawahi kuona peni. Mwenye mgahawa, ninayemwita mama mkubwa kwa kuwa ni rafiki wa mama kuliko dada zake wa kuzaliwa, alileta chakula siku tatu mfululizo na hakuturuhusu kuwasha jiko. Mama alioga mara nne kwa siku na kila mara akayafungulia maji kwa nguvu. Yote haya niliyaandika kwenye daftari langu la riwaya. Niliandika: magendo? Niliandika: wakala anajua zaidi ya anavyosema. Mbele ya jina la mama nikachora alama ya kuuliza kubwa, nikafurahi kwamba hata nyumbani kwetu kuna mhusika.

Baada ya kutuma ule ujumbe nilimwonyesha mwenzangu wa dawati, mtoto wa mama mkubwa. Tulikuwa kwenye ngazi za shule, tunasubiri kuingia karatasi ya baiolojia. Nilitegemea aanguke kwa kucheka. Akausoma mara mbili.

"Futa," akasema.

"Nini wewe? Hii ni sanaa."

"Futa, mwanangu. Toka kwenye hilo grupu."

"Kwani mama yako ana nini? Anaweka paka kwenye sambusa?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua anaumwa nini, kisha akaingia kwenye chumba cha mtihani kabla kengele haijalia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Alikuwa amesikia hitima ikisomwa ghorofani kwenye mgahawa wa mama yake. Alikuwa anajua, na alikuwa ameapishwa. Mimi nikaandika kwenye daftari: rafiki naye ana siri.

Grupu likanyamaza siku mbili. Kwa kawaida halinyamazi hata wakati wa futari. Nyumbani mama akawa hashiki simu yake ila kwa ncha za vidole. Jumanne mama mkubwa alileta bakuli la ndizi za nazi, mama akalipokelea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Nani mwingine uliyemwambia?" nikamsikia mama anauliza, sauti ya chini.

"Dada, kwa jina la Mungu, sijamwambia mtu."

"Wewe ndiye uliyekuwa unanisukuma. Ulisema mtoto amekua, ana haki yake."

"Nilisema, ndiyo. Nilikushauri. Kushauri na kukutisha ni kitu kimoja?"

Mama akafunga mlango. Bakuli likakaa juu ya meza mpaka likapoa, akalimwaga. Sijawahi kumwona mama akimwaga chakula. Ndipo kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba nimegusa kitu ambacho si cha riwaya, lakini nikajiambia haya ni mambo yao ya biashara, Ijumaa nitaandika "nilikuwa natania" na yataisha.

Hayakungoja Ijumaa. Jumatano nilitoka kwenye karatasi ya kemia saa nane mchana nikapitia mgahawani na mwenzangu, kama kawaida, kula kilichobaki. Mchana huo hapakuwa na wateja. Mama alikuwa amesimama katikati ya meza, bado amevaa mkoba wake begani, na upande wa pili wa kaunta mama mkubwa alikuwa analia bila kujifuta, mikono yake imejaa unga.

"Umefanya mambo haya yote kwangu," mama alikuwa anasema. "Umekaa na mimi, umenishika nikalia, halafu unanipa siku. Mimi sitaki tena kukuona. Ukinikuta Dengfeng, pita upande wa pili."

"Dada, niangalie."

"Sitaki."

"Miaka saba. Niangalie basi."

Mama aligeuka aondoke, na mlangoni akanikuta mimi. Mwenzangu alikuwa ametazama chini. Alinigusa mgongoni kwa kidole kimoja tu.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, nakubali. Lakini mama mkubwa alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa, na mimi nimekula kwake tangu sijui kusema hata "wali" kwa Kichina. Nikasema, "Mama, si yeye. Mzazi Mwenzenu ni mimi. Nilikuwa natania. Ni kwa ajili ya riwaya yangu."

Nilitegemea kofi. Kwa kweli nilishaupanga uso kulipokea. Mama hakuinua mkono. Alivuta kiti akakaa, na nikaona kitu kinalegea usoni mwake, kama mtu aliyeambiwa atue mzigo.

"Kumbe unajua," akasema. "Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kuhusu bibi."

"Bibi amefanya nini tena? Amepata simu mpya?"

Nilisema hivyo huku nacheka. Nalikumbuka hilo kuliko lolote, kwamba nilikuwa nacheka, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyecheka. Mama mkubwa akageukia ukutani. Mwenzangu akatoka nje. Feni ilikuwa inazunguka juu ya meza tupu, na mimi nikaanza kuelewa kutoka mwisho kuja mwanzo: ndizi za nazi, maji ya bafuni, viganja vilivyokunjuliwa, ndoo. Vidokezo vyote nilikuwa navyo kwenye daftari. Nilivipanga vyote na nikakosa mtu aliyekufa.

"Lini?" nikauliza.

"Jumapili ile ya kabla ya hesabu."

Nilikumbuka ile Jumapili. Mama alikuwa amenipikia chapati na kuniambia nilale mapema. Alikuwa ameshapata habari. Alizisukuma zile chapati huku mama yake anaoshwa upande wa pili wa dunia, na mimi nilimwambia zimekuwa nene.

Sikuweza kusema kitu cha kuchekesha. Nilijaribu, kwa mazoea, hakikuja. Nilikaa chini ya meza ya pili kama mtoto wa miaka minne, na mama mkubwa akaja akakaa sakafuni karibu yangu na unga wake, akanivuta kichwa. Mama alibaki kwenye kiti. Alilia kwa sauti, sauti ambayo kwa siku kumi ilikuwa inazimwa na maji ya bafuni, na watu waliokuwa wanapita nje na mikokoteni ya mizigo walichungulia na kuendelea na safari zao.

Aliponyamaza, alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akapenga kamasi. Akanyoosha mkono juu ya kaunta akamshika mama mkubwa bega, hakusema pole, alilishika tu kwa nguvu. Kisha akanigeukia. Alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Kesho asubuhi utapita kwa kila mzazi, mlango kwa mlango, na utasema ni wewe. Hutajitetea, hutachekesha mtu. Halafu utakwenda kufanya mtihani wako, na utakula hapa kwa mama yako mkubwa mpaka umalize. Sasa chukua hiyo simu unitafutie ndege. Mimi nakwenda kumlilia mama yangu."