Chupa ya Mawese Aliyokufa Nayo Ni Yangu

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje. Sema tu ni Kasulu, inatosha. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, naishi kwa wazazi. Nina mchumba, mfanyabiashara wa Buhigwe. Baba alishapokea mahari yake na ndoa ni baada ya Pasaka. Wenye mawe naomba myashike kwanza, nimalize kusema.

Kabla ya huyo mchumba nilikuwa na mtu wangu, fundi cherehani wa hapa hapa kijijini. Hakuwa na kitu, na baba hakutaka hata kumsikia. Mapenzi yetu yalikuwa vituko vitupu. Siku ya kwanza kunitoa tulikwenda mjini Kasulu kula chipsi, akamwagia soda blauzi aliyonishonea mwenyewe. Siku nyingine alikuja nyumbani kwa kunyata, akakutana na mama mlangoni. Badala ya kutunga uongo wa maana akamuuliza kama tunauza kuku. Mama akamuuzia, jogoo mzee, akaondoka naye kwapani. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, wazazi walikwenda msibani Kibondo. Nikamwambia aje mchana, nimpikie mara moja tu kabla sijawa mke wa mtu. Alimuaga mama yake kwamba naye anakwenda Kibondo, kufuata vitambaa. Akazunguka nyuma ya migomba, akaingia kwetu.

Mimi mapishi yangu ni ya haraka, sipendi kukaa jikoni kama mlinzi. Migebuka mikavu unailoweka maji ya moto, unakata kitunguu na nyanya, unamimina mawese, huku maji ya ugali wa muhogo yanachemka. Muda si mrefu mtu anakula. Siku hiyo nimeshakata kila kitu, nashika chupa ya mawese, tupu. Ningeweza kuchemsha samaki kwa chumvi tu. Yeye mwenyewe alisema, "Chemsha tu, mimi nakula." Nikakataa. Nilitaka anikumbuke kwa chakula kitamu. Ilikuwa siku ya gulio, na gulio haliko mbali. Nikampa ile chupa. Kizibo chake kilishapotea, nikachana pembe ya kitenge nilichovaa nikaziba nacho. Nikamwambia, "Kimbia, mvua isikukute."

Mvua ikamkuta. Nikasonga ugali, ukapoa. Nikaanza kununa, nikasema peke yangu jikoni, ameona wenzake huko amenisahau, na alowe mpaka mifupa. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Radi ikapiga mara moja, vikombe vikatikisika kabatini. Baadaye kidogo nikasikia watu wanakimbia barabarani.

Ilipiga kibanda cha gulioni walikojikinga. Walikufa yeye na wengine wawili. Kijiji kizima kiliacha jembe, hakuna aliyekwenda shamba mpaka wazikwe. Na huku kwetu wazee wanasema aliyepigwa na radi haliliwi, ukimlilia inarudi. Nilisimama kaburini macho makavu kama wote, nimeshika mkono wa mama yangu. Sijamlilia hadi leo.

Sasa sikilizeni kinachonimaliza. Mama yake haamini kwamba ile ni radi ya Mungu. Anasema imetumwa. Kabla ya msiba, baba mdogo wa marehemu aligombana na mama huyo kuhusu mpaka wa shamba, na mzee yule kwa hasira alisema, "Mtaona." Basi, limekuwa neno la ushahidi. Mama huyo anamwambia kila anayekuja kumpa pole, "Mwanangu alikuwa anakwenda Kibondo. Nani alimgeuza njia? Na mawese ya nini mkononi? Mtoto wangu hajui hata kuwasha moto!"

Watu wanaitikia. Mzee yule hasalimiwi tena. Wiki iliyopita walimfyekea migomba yote. Mke wake akienda kisimani wenzake wanainua ndoo wanaondoka. Jumapili hii baada ya ibada kuna mkutano wa kumfukuza, na vijana wanasema wazi kwamba asipoondoka kwa miguu nyumba itawaka. Ana miaka zaidi ya sabini. Hajaua mtu. Aliyemgeuza njia marehemu ni mimi na tamaa yangu ya mchuzi.

Jumatatu nilikwenda kwa yule mama, nikiwa nimejiandaa kusema. Akanipokea vizuri, akaniita mwana wanje, mwanangu kwa Kiha. Akaenda chumbani akarudi na ile chupa. Ameitunza kwa ajili ya mkutano. Mawese yamo mpaka shingoni, na kile kipande cha kitenge kipo. Akakishika, akaniambia, "Hiki si cha mwanangu. Mwenye nguo hii ndiye mchawi, au anamjua." Nikamwambia pole mama, nikaondoka. Mwoga mimi, najua.

Nikisema, mchumba ataondoka, na baba atawaangaliaje watu wa Buhigwe? Mama yangu ana presha. Na huenda wasiniamini, wakaniita mimi ndiye mchawi. Shoga yangu pekee anayejua ananiambia, "Nyamaza uolewe, mzee ameshakula chumvi nyingi." Nilimchukia kwa neno lile, halafu usiku nikajikuta nalirudia.

Kile kitenge kipo chini ya sanduku langu, pembe moja haipo. Asubuhi hii nimekitoa nikakifua, nimekianika ndani wasikione. Jumapili mama wa marehemu ataweka ile chupa mezani mbele ya kijiji kizima. Ndugu zangu, nishaurini. Nikivae?