Bei ya Urais Ndani ya Eda

Watu wanadhani mwanamke aliyekaa eda hana kazi. Wanakuja, wanakaa, wanakuuliza umekula nini, kisha wanasimuliana wao kwa wao misiba ya watu wengine. Mimi nilikuwa na kazi. Kila asubuhi, nikishamaliza chai na mama mkwe wangu, nilipanda chumba cha juu, nikafungua kompyuta ya marehemu mume wangu, nikalinganisha majukwaa ambayo watu wa nchi za mbali huchezea kamari ya urais.

Kazi ilikuwa yake. Alikuwa akimwandikia mtu mmoja mwenye tovuti, huko kwenye baridi, ambaye sisi nyumbani tulimwita bosi. Taifa moja kubwa lilikuwa linajiandaa kuchagua rais, na mtandaoni kuna masoko ambako watu wananunua "ndiyo" au "hapana" ya mgombea kama wanavyonunua nyanya sokoni Mwanakwerekwe, bei ikipanda na kushuka mchana kutwa. "Ndiyo" ikiuzwa senti sitini, maana yake wanunuzi wanampa sitini kwa mia kwamba atashinda. Mume wangu hakununua kitu. Aliyapima majukwaa tu: lipi lina makato makubwa, lipi linachelewa kukurudishia fedha zako, lipi linataka sarafu za mtandaoni, lipi ni mchezo mtupu usio na fedha za kweli. Kila siku jedwali moja na maelezo machache ya Kiingereza.

Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Kidichi wakati mwanawe alipoanza kuumwa. Kazi hii hakuipenda tangu mwanzo.

"Kamari hiyo," aliniambia aliponikuta mezani mara ya kwanza.

"Hatuchezi, mama. Tunapima tu."

"Na anayeonja pombe kujua ipi kali, naye anapima tu?"

Nilirudi kwenye bei zangu. Siku zile sikutafuta ubishi na mtu.

Nilianza bila ya kukusudia. Hitma ilishasomwa, mikeka ya watu ilisharudishwa, nami nilipanda juu kuizima kompyuta iliyokuwa ikilialia. Bosi alikuwa ameandika: habari ya asubuhi, rafiki, mbona kimya, jedwali liko wapi? Niliweka vidole nimwambie. Badala yake nikafungua jedwali la mwisho, nikaangalia lilivyopangwa, nikatafuta bei za siku ile, nikazijaza. Kiingereza nakijua, nimekisomesha skuli miaka mingi. Akajibu: ahsante, nilishaanza kuwa na wasiwasi.

Siwezi kusema nilifurahi. Nilikuwa na ganzi, kama mguu ulioukalia: unajua ni wako lakini huuhisi. Maiti ilipotolewa nyumbani sikulia, na wanawake walinikodolea macho wakisubiri nilie, na hasira yangu kwao ndiyo hisia pekee niliyokuwa nayo. Nilichojua ni hiki tu: mji mzima ulikuwa umeshapata habari. Msikitini walitangaza, muuza mkate wa ufuta alijua, jamaa zetu wa kisiwani Tumbatu walijua kabla hata hatujawapigia. Duniani kote alibaki mtu mmoja ambaye kwake mume wangu yu hai, ila amechelewa na kazi. Sikutaka kumpoteza mtu huyo.

Basi nikaendelea. Safu moja ya jedwali ilinikalisha muda mrefu kuliko nyingine: swali la nani ameshinda linafungwa lini ili watu walipwe, na kwa neno la nani. Jukwaa moja lililipa mara tu vyombo vikubwa vya habari vikimtaja mshindi. Jingine lilisubiri tume itangaze. La tatu halikufunga mpaka mtu aapishwe, hata kama dunia nzima imeshampongeza. Bosi alitaka niseme wazi kwamba hilo la tatu linamtesa mteja bure. Mimi niliandika kwamba ni jukwaa lenye subira. Akauliza, mbona siku hizi umebadilika? Nikamjibu nimechoka.

Zamani yeye na mume wangu walikuwa wakizungumza kwa sauti kila wiki, na bosi alitaka turudie. Nilimwambia mtandao wetu mbovu. Mtandao wetu, Mungu anisamehe, hauhitaji kusingiziwa sana.

Kidogo kidogo mama mkwe naye akaingia. Alikuwa amejichagulia mgombea kwa picha tu, kwa sababu masikio yake, alisema, ni yale yale ya mwanawe. Kila nikishuka ananingojea jikoni.

"Haya, mtu wetu vipi leo?"

"Kashuka, mama. Wanamuuza rahisi."

"Si ununue basi!" akasema, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. "Astaghfirullah."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijaribu kucheka, uso ukakataa. Aliniona, akageukia sufuria zake.

Kura zikapigwa, na mtu wetu akashindwa. Nilimpa habari akiwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua.

"Mungu ampe subira," akasema. Halafu, bila ya kuniangalia: "Na wewe asubuhi sasa utafanya nini, mwanangu?"

Siku ile ile bosi aliandika. Kazi imekwisha vizuri, alisema, na kuna uchaguzi mwingine unakuja katika bara jingine. Anataka aendelee na mimi, yaani na yeye, lakini lazima tuzungumze kwa sauti kesho, mtandao mbovu au mzuri. Nilijua kwamba naweza kukataa kwa adabu. Mume wangu angebaki kwake mtu aliyeacha kazi, na wanaoacha kazi wanaendelea kuishi mahali fulani, wananenepa, wanasahau kujibu barua. Nilishaanza kuandika kukataa huko. Kisha nikasoma mstari wake wa mwisho: nisalimie mkeo.

Sikuweza kujisalimia.

Nilifuta, nikaandika upya. Nilimwambia mwenye kazi amefariki, kwamba maradhi yalikuwa marefu, kwamba mimi ni mkewe na majedwali ya tangu hapo ni yangu, na makosa yaliyomo pia ni yangu. Nilituma nikakaa nikitazama. Sikuhisi kitu. Nilifikiria atakasirika, na hilo pia lilikuwa mbali na mimi.

Jibu lake likaja. Aliomba radhi kwanza, kwa kunisumbua na majedwali wakati kama ule, akanipa pole. Kisha akauliza jambo. Walipokuwa wakizungumza kwa sauti, alisema, mara kwa mara mlango ulifunguliwa na mtu akaweka kikombe mezani. Mume wangu alikuwa akikatisha sentensi katikati, hata kama jambo ni muhimu, na hasemi tena kitu mpaka muda upite. Siku moja bosi alimuuliza kwa nini. Akamwambia, namsikiliza mke wangu anavyoshuka ngazi. Je, ni wewe huyo?

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Miaka yote ile nilikuwa naweka kikombe, naye ananyamaza, hageuki, na mimi nikishuka najiambia: ananingoja niondoke, kuna maneno hataki niyasikie. Nilikuwa nashuka kwa hasira. Nilikuwa nakanyaga ngazi kwa nguvu makusudi, ili ajue nimekasirika.

Niliandika: naam, ni mimi. Kabla sijatuma nikaanza kulia, kwa sauti ambayo sikuijua, mpaka mama mkwe akapanda mbio, yeye ambaye magoti yake hata kupanda polepole yanakataa, akanikumbatia pale pale kwenye kiti cha mwanawe.